Klabu ikivunja kanuni timu inakatwa pointi, aliyesaini mikataba anaondoka zake. Hii imekaaje?

#1 Kipa wa Akiba

Wakuu, salaam.

Hili jambo linanikaa rohoni tangu Novemba 17, 2023, siku Everton walipokatwa pointi 10. Kosa lilikuwa la vitabu vya hesabu. Kikomo cha hasara kilikuwa pauni milioni 105, wao wakafikisha milioni 124.5. Sawa, kanuni ni kanuni.

Lakini tazameni nani alibebeshwa zigo. Kipa Pickford hajawahi kuidhinisha malipo ya mtu. Kocha Sean Dyche aliletwa Januari 2023 akakuta nyumba inavuja. Shabiki mwenye tiketi ya msimu hakuulizwa kama tumnunue fulani au tumwache. Hao ndio waliolala wakiwa nafasi ya 14 wakaamka ya 19. Waliokaa kwenye kiti wakati fedha zinatapanywa, wengi walishajiuzulu tangu Juni.

Hoja yangu: kiongozi afungiwe, atozwe kutoka mfukoni mwake, timu iachwe icheze mpira. Nipingeni kwa hoja, povu mkafulie.

#2 Dakika ya 93

Wewe ni Everton, sivyo?

#3 Kipa wa Akiba

Ndiyo. Na sikuomba, nilirithishwa.

#4 Mzee wa Rufaa

Kijana, kwanza tuweke hesabu vizuri maana umeishia katikati. Zile 10 zilishushwa kwa rufaa Februari 26, 2024, zikabaki 6. Aprili wakakatwa nyingine 2 kwa kosa la kipindi kilichofuata. Jumla 8. Na msimu mlimaliza nafasi ya 15 na pointi 40, kwa hiyo msiba wenu ulikuwa na pilau.

Pili, hoja yenyewe. Pointi hukatwa kwa sababu faida iliyopatikana ilikuwa ya pointi. Ukisajili mshambuliaji kwa fedha ambayo kanuni hazikuruhusu uitumie, magoli yake hayaendi nyumbani kwa mwenyekiti, yanakwenda kwenye msimamo wa ligi. Ukimfungia mwenyekiti peke yake, magoli unayaacha palepale. Mwaka 2022 Burnley walishuka daraja na pointi 35, Everton wakapona na 39. Shabiki wa Burnley naye hakusaini kitu. Huruma yako inamfikia, au inaishia kwenye jezi ya bluu?

#5 Mama Dabi

Mzee leo kaamka na kisu.

Mimi naleta Nottingham Forest, kwa sababu pale uamuzi wa viongozi unaonekana kwa macho. Kikomo chao kilikuwa milioni 61, wakakipita kwa milioni 34.5. Walikuwa na Brennan Johnson wa kuuza. Wangemuuza kabla ya Juni 30, kabla vitabu havijafungwa, shimo lingepungua. Wakasubiri bei ipande, wakamuuza kwa Tottenham Septemba 1. Utetezi wao ukawa kwamba kusubiri kuliwaletea fedha zaidi. Kweli ziliongezeka, ila kalenda ilishapita. Machi 2024 wakakatwa pointi 4.

Sasa, aliyesema "tusubiri" alikuwa uongozi. Kocha wa siku hiyo, Steve Cooper, alishafukuzwa Desemba. Aliyekuja kuhangaika na hizo pointi 4 ni Nuno. Kila ukigeuka, mtu anayelipa siye aliyekula.

#6 Kisigino

Mnazungumzia vitabu vya hesabu, dunia ina mikasa mizito kuliko hiyo. Marseille 1993! Walihonga wachezaji wa Valenciennes, wakanyang'anywa Kombe la Ulaya, rais wao Bernard Tapie akaenda jela. Pale kiongozi aliwajibika bwana.

#7 Mzee wa Rufaa

Kisigino, nusu umepatia, nusu umechapia. Kombe la Ulaya hawakunyang'anywa, lipo kwao hadi leo. Walichopokwa ni ubingwa wa Ufaransa wa 1992/93, wakazuiwa kutetea lile kombe la Ulaya, na mwaka 1994 wakateremshwa daraja la pili. Tapie ni kweli, aliingia gerezani 1997.

Mechi na Valenciennes ilikuwa Mei 20, fainali na Milan ni Mei 26. Walitaka wenzao wacheze kwa ulegevu ili miguu yao isiumizwe kabla ya Munich. Faranga 250,000 za hongo zikaja kufukuliwa kwenye bustani ya jamaa yake mchezaji mmoja. Ziko kwenye bahasha, chini ya udongo, kama mihogo.

#8 Kisigino

Asante kwa masahihisho mzee. Lakini hoja yangu imesimama: jela alikwenda rais.

#9 Mshika Kibendera

Imesimama kwa mguu mmoja. Jela alikwenda, na timu ikashushwa vilevile. Halafu mnasahau mtu muhimu kuliko wote kwenye kisa hicho, Jacques Glassmann, beki wa Valenciennes aliyekataa fedha na kutoboa siri. Unajua alivyolipwa na mashabiki? Kuzomewa viwanjani. Baadaye FIFA wakampa tuzo ya uungwana, 1995, ila zomeazomea alishaisikia.

Ndiyo maana mimi wimbo wa "mashabiki hawana kosa" unanipita kando. Uongozi unapomwaga fedha, nani anashangilia dirisha la usajili? Nani anamwita mweka hazina "bahili" akisema hakuna fedha? Uongozi mbovu unapewa ulinzi na jukwaa.

#10 Dakika ya 93

Chawa wapo kila klabu. Wengine wamo humu na akaunti mbili mbili.

#11 Kipa wa Akiba

Mshika Kibendera, hapo kwa Everton umekosea. Januari 2023 viongozi wetu hawakukanyaga uwanjani siku ya mechi na Southampton, waliambiwa usalama wao hauko sawa. Mashabiki walikuwa wamewachoka kabisa, wakabaki jukwaani baada ya mechi wakiwataka waondoke. Hao ni chawa?

#12 Mshika Kibendera

Vizuri umeileta hiyo. Sasa nikuulize, miezi kumi baadaye, siku tisa tu baada ya pointi kukatwa, mashabiki haohao walinyanyua nini mechi na Manchester United? Kadi za rangi ya waridi zenye nembo ya ligi na neno la kuituhumu ufisadi. Ligi! Bodi iliyokuwa inazomewa mwanzoni mwa mwaka haikuguswa tena.

Hapa sijui kama nampinga mwanzisha uzi au namuunga mkono. Lakini naona kukata pointi kunampa kiongozi mbovu adui wa nje. Jana mlikuwa mnamkaba yeye, leo mko naye bega kwa bega mnalaani ligi.

#13 Mama Dabi

Hii sijawahi kuifikiria. Naiokota.

#14 Dakika ya 93

Na mechi hiyohiyo Garnacho alipiga tikitaka dakika ya 3. Kadi bado ziko hewani, mpira upo wavuni. Nilianguka na kiti.

#15 Kipa wa Akiba

Tulikuwa tunazungumza vizuri.

#16 Jezi Namba 3

Natoka kwenye Ulaya yenu niwape kitu cha mtaani, maana kule chini ndiko uwajibikaji unaonekana ulivyo.

Timu yetu ilikuwa inaongoza kundi, imebaki mechi moja. Beki wa kushoto akawa na kadi tatu za njano. Katibu akasema msihangaike, nina leseni ya mtu ambaye hajacheza msimu mzima. Akaletwa mamluki. Leseni ina picha ya jamaa mwenye masharubu na sikio la kushoto limekunjika kidogo juu, mamluki kidevu kitupu na masikio mazima. Katibu akamwambia kamisaa, "Amenyoa." Kamisaa akaitazama ile kadi, akaigeuza juani, akairudisha. Tukacheza, tukashinda 2-0.

Jumatatu rufaa ikawasilishwa. Tukapokwa pointi 3, wapinzani wakapewa ushindi wa mezani, tukashika nafasi ya pili, hatukupanda. Vijana waliojitoa msimu mzima walilia kama watoto. Katibu? Mkutano wa kwanza baada ya hapo alisimama akasema "tumehujumiwa," ukumbi ukapiga makofi. Hadi leo ndiye katibu.

#17 Refa Mstaafu

Nimechezesha miaka mingi, kisa hiki ningekitambua hata usingizini. "Amenyoa" ndilo jibu la kila katibu duniani.

Kwa wanaodhani ni mambo ya ligi za chini: FC Sion ya Uswisi ilichezesha wachezaji iliowasajili huku imefungiwa kusajili. Wakatolewa Europa League, nafasi yao ikaenda kwa Celtic, na msimu huohuo wa 2011/12 wakakatwa pointi 36 kwenye ligi. Thelathini na sita! Wakaponea kwenye mchujo dhidi ya Aarau. Rais wao Christian Constantin aliendelea kuwa rais.

#18 Kipa wa Akiba

Hizo 36 ndizo hoja yangu yote. Wachezaji walizitokea jasho, rais akazitapanya kwa ubishi.

#19 Mzee wa Rufaa

Rais alibisha kwa kuwa alijua klabu ni yake. Tofautisheni klabu yenye mwenye mali na klabu yenye wanachama. Ukimtoza faini mwenye mali, anaichukua kwenye mfuko mmoja anaiweka kwenye mwingine. Bora hao wenye wanachama wanaweza kumng'oa mtu.

#20 Mweka Hazina

Nimesoma kimya kimya tangu #1, sasa hapa naingia, kwa sababu jibu la mwanzisha uzi liliwahi kujaribiwa.

Sheria ya michezo ya Hispania ilitaka wajumbe wa bodi kwenye klabu za wanachama waweke dhamana ya asilimia 15 ya bajeti. Mali zao wenyewe, au benki iwasimamie. Laporta alipochaguliwa rais wa Barcelona Machi 2021 ilibidi yeye na wenzake watafute dhamana ya zaidi ya euro milioni 120, na walihangaika hadi dakika za mwisho. Wakiingiza hasara, inakatwa humo. Hiyo ni "mfukoni mwake" kweli kweli.

Ikaleta nini? Jambo la kwanza, mwalimu au fundi mwanachama hawezi kugombea urais, labda awe na marafiki matajiri, na hao marafiki watadai fadhila. Jambo la pili, kesi za kulipizana kisasi. Mwaka 2010 bodi mpya ya Rosell ilipeleka hoja kwa wanachama kuishtaki bodi ya zamani ya Laporta. Kura 468 ziliafiki, 439 zilikataa. Wakaburuzana hadi 2014, mahakama ikasema Laporta hana deni. Miaka minne watu wazima wanaishi wakijiuliza kama nyumba itapigwa mnada, kwa kura 29. Sheria mpya ya Desemba 2022 ikaiondoa hiyo dhamana.

Nami niliwahi kushika daftari la fedha la klabu, ndogo tu. Mkiniambia nitalipa kutoka kwangu kwa kila kosa, nawarudishia funguo asubuhi.

#21 Mama Dabi

Kaka, kuna kosa na kuna wizi. Hakuna anayetaka ulipe kwa kusahau risiti.

#22 Mweka Hazina

Dada, nani atatenganisha? Kamati ileile iliyopiga makofi kwa katibu wa Jezi Namba 3?

#23 Dakika ya 93

😂😂 Goli.

#24 Kisigino

Kuhusu wanachama, msimsahau Bartomeu, rais wa Barcelona. Saini zaidi ya 20,000 zilikusanywa kudai kura ya kutokuwa na imani, akajiuzulu Oktoba 27, 2020 kabla kura haijapigwa. Na Messi alishaandika barua ya kuondoka tangu Agosti. Inawezekana kumng'oa kiongozi bila kukata hata pointi moja.

#25 Mshika Kibendera

Aling'oka, ndiyo. Deni aliling'oa pia? Messi aliondoka 2021 kwa sababu mishahara haikuingia kwenye kikomo. Kiongozi unaweza kumfukuza leo, mikataba aliyosaini inaendelea kula hadi iishe.

#26 Fundi Viatu

Wakuu, wapi Juventus kwenye uzi huu? Ile kashfa ya waamuzi ya 2006 walishushwa daraja, wakaanza Serie B na pointi 30 pungufu, wakapanda vilevile. Mkurugenzi wao Moggi akafungiwa maisha. Pale ilikuwa kila mtu na chake.

#27 Mzee wa Rufaa

Hazikuwa 30, fundi. Zilitangazwa 30, zikashushwa hadi 17, mwisho 9. Ningekuwa nalipwa kwa kila sahihisho ningeinunua klabu ya Bury.

Mengine uko sawa. Moggi alianza na miaka mitano, ikaja kuwa maisha. Na hapo mnaona wachezaji walivyogawanyika: Ibrahimović na Vieira wakaenda Inter, Cannavaro Real Madrid, Thuram na Zambrotta Barcelona. Buffon, Del Piero, Nedvěd, Trezeguet wakabaki kucheza viwanja vidogo. Hakuna aliyewalazimisha.

#28 Fundi Viatu

Na Milan nao walikatwa pointi 8 msimu uliofuata, wakatwaa Ligi ya Mabingwa mbele ya Liverpool. Adhabu gani hiyo?

#29 Dakika ya 93

Na Inter wakapewa ubingwa wa 2005/06 mezani. Kombe limeletwa na tarishi.

#30 Nerazzurri Damu

Nimeitwa? Kombe ni kombe. Aliyekula njama ameshushwa, asiyekula amepewa. Mlitaka wapewe Juve tena?

#31 Fundi Viatu

Jamani naomba tusiingie huko, uzi utafika kurasa 40.

Nilitaka kufika 2022. Novemba 28 bodi nzima ya Juve ilijiuzulu, rais Agnelli akiwamo. Januari 2023 wakakatwa pointi 15 kwa kukuza thamani ya wachezaji kwenye mahesabu. Aprili zikarudishwa kesi isikilizwe upya. Mei 22 zikakatwa 10, na habari iliwafikia muda mfupi kabla ya mechi na Empoli. Wakafungwa 4-1. Mimi niliitazama ile mechi. Wachezaji walitembea kama watu wanaotoka kusikiliza wosia ambao hawamo.

Viongozi nao hawakupona: Agnelli miezi 24, Paratici aliyekuwa mkurugenzi wa michezo miezi 30, na kifungo kikasambazwa dunia nzima hadi akaachia kazi Tottenham. Kwa hiyo viongozi wameadhibiwa NA timu imeadhibiwa. Kipa wa Akiba, hii unaionaje?

#32 Kipa wa Akiba

Naiona bora kuliko ya kwetu, kwa sababu angalau jina la mtu limeandikwa kwenye hukumu. Kwetu hukumu ina jina la klabu peke yake, kama vile majengo ndiyo yalisajili wachezaji.

#33 Mama Dabi

Wasioadhibika kabisa ni wale wa pauni moja. Craig Whyte alinunua Rangers ya Scotland kwa pauni 1 mwaka 2011. Mwaka uliofuata kampuni ikafilisiwa, timu ikaanzia daraja la nne. Steve Dale naye Bury kwa pauni 1, na Agosti 2019 klabu iliyoanzishwa 1885 ikafukuzwa kwenye ligi. Pauni moja! Soda inazidi hapo.

#34 Refa Mstaafu

Whyte aliadhibika, dada. Chama cha Scotland kilimfungia maisha. Ila mahakamani 2017 alishinda, hakukutwa na hatia ya ulaghai. Ndiyo ugumu wenyewe: chama kinasema mkosaji, mahakama inasema hana kosa, na wote wawili wako sahihi kwa kanuni zao.

#35 Mzee wa Rufaa

Uingereza wamepitisha sheria Julai 2025, ya kuwa na msimamizi huru wa soka, mwenye meno ya kuchunguza wamiliki na wakurugenzi. Tuone meno yatang'ata nani.

#36 Dakika ya 93

Mnazunguka mbuyu. Tuhuma 115 za Manchester City.

#37 Bluu ya Anga

Nilikuwa nahesabu ni post ya ngapi mtatutaja. Tuhuma zilitolewa Februari 2023, tuhuma si hukumu. UEFA walitufungia miaka miwili 2020, tukaenda mahakama ya michezo, kifungo kikafutwa, faini ikashuka kutoka euro milioni 30 hadi 10. Mkiwa na ushahidi leteni, mkiwa na wivu kunyweni maji.

#38 Mshika Kibendera

Mkuu, tatizo la kesi ndefu ni hilihili la uzi. Mambo ya mwaka 2009 yanasikilizwa 2024. Nani wa wakati ule bado yupo? Chelsea wamiliki wapya walikuta malipo ya zamani hayajaandikwa sawasawa, wakajiripoti wenyewe UEFA, wakatozwa milioni 10 za euro mwaka 2023. Aliyesema ukweli amelipa dhambi ya aliyeondoka. Next time nani atajiripoti?

#39 Kisigino

Mtu pekee niliyemwona akilipa mwenyewe ni Bielsa. Leeds 2019, alimtuma mtu akachungulie mazoezi ya Derby, klabu ikatozwa pauni 200,000, mzee akazitoa mfukoni. Halafu akaita waandishi akawaeleza zaidi ya saa nzima anavyowapeleleza wapinzani wote.

#40 Mweka Hazina

Na huyo ni kocha. Mwenyekiti wa kufanya hivyo simjui.

#41 Refa Mstaafu

Jezi Namba 3, narudi kwako, kuna kitu kinanisumbua tangu mchana. Umesema kwenye leseni sikio la kushoto lilikuwa limekunjika juu. Leseni ilishikwa na katibu na kamisaa. Shabiki wa kwenye kamba analionaje sikio kwenye picha ya ukubwa wa kidole gumba?

#42 Dakika ya 93

Ehee. VAR imeitwa.

#43 Jezi Namba 3

Mzee, wewe ulichezesha kweli.

Haya. Nilikaa na ile kadi nusu saa kwenye gari nikilikariri jina na tarehe ya kuzaliwa. Mwamuzi aliniita mara mbili kwa jina la kwenye leseni, sikugeuka, hadi kipa akanipiga teke la kisigino. Goli la pili krosi ilikuwa yangu.

#44 Kipa wa Akiba

Yaani wewe ndiye mamluki, na umekaa humu siku nzima unamlaumu katibu?

#45 Jezi Namba 3

Katibu ndiye aliyeniambia leseni ni halali.

#46 Mzee wa Rufaa

Na ulimwamini, ukiwa na masikio yako mawili mazima.

#47 Jezi Namba 3

Nilikuwa na miaka 17, mzee. Na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvaa jezi yenye namba.

#48 Mama Dabi

Krosi ilikuwa ya mguu upi?